Konda kakereka au anakera? Vielezi vya hasira kwenye stori za Kiingereza

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Mi naandika stori fupi kwa Kiingereza, juzi nimetuma moja kwa edita ikarudi imejaa wino mwekundu, kila nilipoandika angrily, irritably au annoyingly kakata. Jamaa yangu anasema waandishi wakubwa hawagusi kabisa hivi vielezi. Ni kweli? Mbona kwenye Harry Potter vimejaa? Nimekuambatanishia kipande cha stori. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Asante ndugu yangu kwa kutuma na hicho kipande, bila hicho tungeongea hewani tu. Ni kweli wapo wanaovichukia. Elmore Leonard, yule Mmarekani wa stori za uhalifu, mwaka 2001 alitoa kanuni zake kwenye New York Times na mojawapo ni kwamba said usiiwekee kielezi chochote, basi. Stephen King, yule wa stori za kutisha, naye kwenye kitabu chake cha uandishi cha mwaka 2000 kavisema sana, ila kuna kitu alisema ambacho watu wakimnukuu wanakiruka, kwamba mwandishi anaweka kielezi kwa woga, anaogopa msomaji hatamwelewa, na akakiri hata yeye vinamtoka. Halafu 2003 kilipotoka kitabu cha tano cha Harry Potter, King huyohuyo alikisifia huku akimsema J.K. Rowling kwa kupenda mno vielezi kwenye mazungumzo. Na Rowling kauza nakala zaidi ya milioni 500, wahusika wake wanajibizana crossly na irritably na watu wanasoma tu. Kwa hiyo hii sio amri, ni suala la kujua kielezi kinafanya kazi gani pale kilipo.

Angalia hii: "Get out of my house!" he shouted angrily. Hapo angrily ni mzigo, mtu anayemfukuza mwenzie nyumbani kwa kelele tunajua ana hasira. Sasa angalia hii: "I'm fine," she said irritably. Ukitoa irritably unabaki na mtu ambaye hana tatizo lolote, ukiiacha unasikia kabisa kuna jambo, na ole wake atakayeuliza tena. Kielezi kinabeba kile ambacho maneno ya mhusika yanakificha, na hapo mi ningebishana na edita yeyote.

Kwenye stori yako ishu kubwa wala sio wingi, ni hiyo annoyingly. Umeandika "Pay first," the conductor said annoyingly, ukimaanisha konda kakereka, lakini ulichoandika ni kwamba konda anakera, yaani aliyekereka ni abiria! Irritatingly nayo ni hivyohivyo, ukitaka kero iwe ya msemaji mwenyewe ni irritably. Naikuta sana hii kwa waandishi wetu na inaniuma, maana stori ni nzuri halafu neno moja linageuza nani ana hasira na nani.

Ila ningekuwa wewe pale nisingeweka kielezi kabisa. "Pay first," the conductor said, shaking the coins in his fist. Kila aliyepanda daladala anaijua hiyo sauti ya sarafu zinazogonganishwa karibu na sikio lako, hahitaji kuambiwa konda kachoka kusubiri. Na Kiswahili kimeshatuzoesha, ni mara chache tunasema mtu "alisema kwa kero", tunasema kafoka, kasonya, kabetua midomo, kajibu kwa mkato. Hiyo mali unayo tayari, ihamishie kwenye Kiingereza chako. Mwandike mama anayesonya, she sucked her teeth, msomaji wa Lagos na wa Kingston wote watamsikia huyo mama.

SWALI: Nisaidieni tofauti ya crossly, testily, peevishly na huffily, kamusi inanipa zote ni hasira tu. – Msomaji, Eldoret

JIBU: Zote ni hasira ndogo dada, hakuna hata moja ya kuvunja sahani. Crossly utaikuta zaidi kwa Waingereza, ni mama anayemkanya mtoto aliyeingia ndani na matope, kwa hiyo ukimpa muuaji hiyo crossly umeshamharibu. Testily ni ya mtu aliyeishiwa subira, bosi anaulizwa kitu kilekile mara ya tatu na jibu linatoka fupi, kali. Peevishly ina kudeka ndani yake, fikiria mgonjwa anayelalamika chai imepoa, uji una mabonge, mto uko juu sana. Huffily ni ya kususa, mtu kaguswa heshima yake kidogo basi ananuna na kugeuza uso. Ukikwama uchague ipi, jiulize kwanza mhusika kakerwa na nini, ukishajua hilo neno linakuja lenyewe, na usipojua andika said uendelee.

SWALI: Mwalimu wetu anatukataza kuanza sentensi na annoyingly. Ni kosa? – Msomaji, Likoni

JIBU: Si kosa. Annoyingly, the ferry had just left ni Kiingereza safi kabisa, hapo anayekereka ni msimulizi aliyeachwa na feri. Weka tu koma baada yake. Ila kama stori yako inasimuliwa na sauti iliyokaa pembeni isiyoonyesha hisia zake, iache, maana ghafla humo ndani atakuwa kaingia mtu mwingine anayenung'unika na msomaji atataka kujua ni nani huyo.