Karoti? Mama, usithubutu!

Mama wa Himbi, hapa kwetu Goma, umeuliza karoti ipandwe kina gani, itiwe mbolea gani, na kitabu gani cha picha kitawafaa wanao wa miaka 5 na 7 wajue mboga zinatoka wapi. Hizo mbegu mpe jirani usiyempenda.

Mimi nilianza na karoti. Kiwanja chetu kimekaa juu ya lava ya 2002, ile ya volkano ya Nyiragongo iliyoganda ikawa jiwe, ukipiga jembe linakujibu. Nikaleta udongo chukudu sita, yale magari ya mbao ya kusukuma, kwa pesa ambayo mke wangu mpaka leo anaiulizia. Muuza mbegu akanikazia macho: "Siku tano tu, papa, zimeota. Tia samadi mbichi." Siku tano! Karoti ikijitahidi sana ni wiki moja, na mara nyingi hufika mbili, hata tatu. Yule mtu hajawahi kupanda hata kitunguu, naapa.

Siku ya nane mwanangu mkubwa akatangaza kwamba mbegu zimekufa. Yeye na mdogo wake wakafanya matanga, wakaimba. Kesho yake mdogo akafukua ili aone maiti.

Zilizopona zilikaa karibu miezi mitatu. Kwa mawe na ile samadi mbichi zikatoka na miguu miwili, mitatu, kama suruali zimeanikwa.

Sasa aibu yenyewe. Kabla watoto hawajaziona, nikaona nisiwavunje moyo. Usiku nikanunua karoti zilizolimwa Kibumba, nikazichomeka kwenye udongo moja moja kwa tochi ya simu, mtu mzima na ndevu zangu. Asubuhi mdogo akavuta ya kwanza, akaigeuzageuza: "Papa, mbona hii imeoga?" Tangu siku hiyo nikimwonyesha jani lolote bichi ananiuliza nimelinunua bei gani. Hata mti wa parachichi wa jirani anaushuku.

Mtoto apewe kwanza kitu kinachoota kabla hajachoka kungoja. Lengalenga, yaani mchicha! Chukua bidoni (dumu) ya zamani ya mafuta ya kula, ikate, toboa chini, jaza udongo, nyunyiza mbegu juu juu. Siku chache tu unaona kijani, na baada ya wiki tatu au nne mnachuma ya sufuria. Pembeni zika maharagwe mawili: yataibuka yamejibeba kichwani, na hapo mtoto atakuita kwa kelele mwenyewe.

Uliuliza na nini tena? Ah, kitabu. Kitabu baadaye, lengalenga likishaota.