Chonge, poda na macho mekundu: maswali yenu kuhusu sura za vampaya

Ikitangazwa tu kwamba riwaya ya vampaya inatengenezwa filamu, maswali yenu ya mekapu huanza kumiminika kabla hata kamera haijawashwa. Nayapenda sana. Haya ndiyo ya wiki hii.

Dada, nimeona picha iliyovuja kutoka kwenye seti. Vampaya ni mweupe pee kama kapakwa chokaa! Wameshaharibu?

Tulia kwanza, mdogo wangu. Mekapu ya filamu hupakwa kwa kufuata taa za seti, kisha rangi ya picha nzima hurekebishwa tena wakati wa uhariri. Mpita njia aliyepiga kwa simu juani hakuona atakachokiona mtazamaji. Kumbuka Nosferatu ya Robert Eggers ya mwaka 2024. Trela zilimficha vampaya wake, Count Orlok, kivulini, nasi tukabaki kubahatisha. Wengi tulisubiri kipara na meno ya panya kama ya Max Schreck, aliyemwigiza Orlok katika Nosferatu ya kwanza ya 1922. Akatokea bwana mkubwa anayeoza, mwenye masharubu mazito.

Hayo masharubu ndiyo yaliyoniudhi. Kwa nini hawafuati kitabu?

Fungua Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka 1897, riwaya ambayo Nosferatu ilitokana nayo. Masharubu yamo! Dracula mwenyewe ni mzee mwenye nyusi nene zinazokaribia kukutana, masikio yaliyochongoka, midomo myekundu, na vinyweleo katikati ya viganja. Akishanyonya damu anarudi ujanani. Ile sura tunayoiita "ya kweli", ya bwana aliyenyolewa vizuri na nywele zilizolazwa kwa mafuta, tuliletewa na Bela Lugosi alipomwigiza Dracula mwaka 1931, na katika filamu ile hata chonge haonyeshi. Chonge na macho mekundu vilishika hasa kwa Christopher Lee mwaka 1958, filamu ikiwa ya rangi na damu ikionekana ni damu. Kwa hiyo mtu akiniambia filamu "imekiuka kitabu", huwa namwomba anisomee ukurasa wenyewe. Mara nyingi tunatetea filamu ya zamani tukidhani tunatetea riwaya.

Mhusika ninayempenda kapewa mwigizaji mweusi. Watu wanasema ngozi nyeusi haiwezi kuonekana imekufa. Ni kweli?

Si kweli, na swali hili limenigusa. Maiti haitambuliki kwa weupe. Inatambulika kwa kukosa damu. Kwenye ngozi yetu uhai unakaa katika wekundu na udhahabu ulio chini ya weusi, basi kazi ya mpambaji ni kuuondoa ule uvuguvugu. Ukimmwagia mwigizaji poda nyeupe utapata kijivu cha majivu, na kamera haisamehi. Anayeijua kazi huanza na fandesheni ya rangi ileile ya mwigizaji, akaufifisha wekundu wa midomo, akatia zambarau ya mbali sana chini ya macho na pembeni mwa pua, kisha akauacha mfupa wa shavu ung'ae baridi kama jiwe lililolowa. William Marshall alimwigiza mwana mfalme wa Kiafrika aliyegeuzwa vampaya katika Blacula, 1972. Kiu ikimpanda, nyusi zinakuwa nene na nywele zinamwota mashavuni. Hakuhitaji weupe wa mtu yeyote kutisha.

Ile mishipa ya bluu usoni, ni kompyuta?

Siku hizi mara nyingine ndiyo. Lakini kwa Interview with the Vampire ya 1994, iliyosimamiwa kimekapu na Stan Winston, waigizaji walining'inizwa kichwa chini hadi damu ikawajaa usoni na mishipa ikatuna. Wapambaji wakaifuatisha kwa rangi palepale. Ndiyo maana haionekani kama mchoro: kila uso ulibeba mishipa yake.

Kwa nini usiwaite mumiani tu?

Mumiani wa masimulizi yetu ni mtu kama wewe na mimi, na humtambui kwa sura. Hofu yote iko hapo. Huyu wa sinema hutambulishwa na uso wake, ndiyo maana tunabishana juu ya poda.

Mwigizaji hukaa kitini muda gani?

Inategemea sura. Klaus Kinski, kwa Nosferatu ya 1979, alikaa kama saa nne kila siku.

Filamu ikitoka tunataka kwenda ukumbini tumejipamba. Lenzi nyekundu tutapata wapi?

Kwa mtaalamu wa macho, baada ya kupimwa. Niliwahi kununua za mtaani kwa ajili ya sherehe, na kesho yake jicho la kushoto halikufunguka. Nilitumia dawa wiki mbili. Chonge za plastiki vaeni, midomo ipakeni mpaka iwe nyeusi, lakini lenzi za kuokoteza hapana, na msiazimane hata kwa dakika ya kupiga picha.