Filta ya kinga au polaraiza kwa lenzi ya milimita 16?

Ndugu, kati ya hizo mbili ulizouliza, anza na ya kinga, yenye ukingo mwembamba. Ukingo mnene huingia kwenye picha na kutia giza kwenye kona. Ndiyo maana usizifunge zote mbili kwa pamoja.

Polaraiza, yaani filta ya kuzungusha inayopunguza mng'ao na kukoleza anga, hufanya kazi zaidi nyuzi 90 kutoka lilipo jua, na lenzi yako kwenye kamera ya fremu nzima (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35) huona karibu nyuzi 97 kwa upana. Kwa hiyo anga hutoka na doa la buluu iliyokolea, huku kando pamepauka. Inaudhi kweli, na kurekebisha ni kazi.

Lakini kwenye maji polaraiza haina mbadala: izungushe taratibu, utaona mng'ao unatoweka na mawe ya chini yanajitokeza. Ukipiga picha za taa usiku, vua hata ya kinga.