Maswali ya Wasomaji: Kipimo cha Mishono na Uzi Mbadala

Barua nyingi tulizopokea kutoka Lamu na Malindi zinauliza, kila moja kwa njia yake, jambo moja: uzi ulioandikwa katika paterni (maelezo ya kufuma nguo) ya kroshia haupatikani dukani, nao uliopo haufanani nao. Tumechagua barua nne. Majina ya mishono ya kroshia, singo (mshono mfupi) na dabo (mrefu zaidi), katika ukurasa huu yanatumika kwa maana ya Kimarekani, kwa sababu paterni nyingi mnazozitaja zimeandikwa huko.

Swali: Assalaam aleikum, Bi Mwalimu. Nina paterni ya Kimarekani ya blauzi ya mikono mifupi, kifua sentimita 100. Inataka mabonge 8 ya uzi wa sufu iliyochanganywa na pamba, kila bonge gramu 50 lenye urefu wa mita 115, na sindano namba 8. Uzi huo sikuupata Usita wa Mui, njia kuu ya maduka hapa Lamu, wala kwa jamaa anayeniletea bidhaa kutoka Mombasa, kwa hiyo nikanunua akriliki, mabonge 4 ya gramu 100, ili uzito uwe ule ule. Sindano niliyotumia ni ya marehemu mama, nayo imepigwa mhuri wa namba 8. Nilihesabu mishono 160 ya dabo kuzunguka kifua bila kukosea hata mmoja, lakini blauzi imetoka na kifua cha sentimita 89, kitambaa ni kigumu, na bonge zima limebaki. Je, kosa ni la uzi au la mkono wangu? (Msomaji wa Langoni, Lamu)

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Mkono wako hauna lawama, na hesabu yako ni sahihi. Tatizo ni kwamba idadi ya mishono peke yake haielezi upana wa nguo mpaka ijulikane ni mishono mingapi inayoingia katika sentimita 10. Idadi hiyo ndiyo geji, ambayo vitabu vya Uingereza huiita tensheni, na huandikwa mwanzoni mwa paterni kwa herufi ndogo ambazo wengi wetu huziruka kwa hamu ya kuanza kazi. Ukiitazama tena paterni yako utaona inadai mishono 16 ya dabo katika sentimita 10, maana mishono 160 ikigawanywa kwa kipimo hicho ndiyo inayotoa sentimita 100. Wewe umeiingiza mishono hiyo hiyo 160 katika sentimita 89, yaani mishono 18 katika kila sentimita 10. Mishono miwili tu ya ziada, usiyoweza kuiona kwa macho ukiwa umekaa barazani unafuma, imekula sentimita 11 za kifua.

Sasa tuitazame sindano, kwa kuwa naamini ndiyo chanzo kikuu. Sindano za zamani zilizoletwa kutoka Uingereza zilipigwa namba kwa utaratibu ambao namba ikiongezeka sindano inakuwa nyembamba, na namba 8 yao ni milimita 4. Wamarekani wanahesabu kinyume, na namba 8 yao, ambayo huandikwa pamoja na herufi H, ni milimita 5. Paterni yako ilitaka ya milimita 5, nawe ukafuma kwa ya milimita 4. Tofauti ya milimita moja inatosha kabisa kuifanya dabo iwe ndogo na kitambaa kiwe kigumu kama ulivyoeleza. Itunze sindano ya mama, ni chombo kizuri, ila kuanzia leo usiamini namba yoyote isiyotaja milimita. Vilevile uangalie majina ya mishono, kwa kuwa dabo ya Marekani ni trebo kwa Waingereza, na singo ya Marekani ndiyo wanayoiita dabo.

Kabla ya kuanza upya, fuma kipande cha majaribio. Najua wasomaji wengi hukiona kuwa ni kupoteza uzi na wakati, na hapo sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu jioni moja ya majaribio ni nafuu kuliko wiki nzima ya kufumua blauzi. Kifume kwa uzi ule ule, sindano ile ile na mshono ule ule wa nguo, kiwe na upana na urefu wa sentimita 15 angalau, kwa kuwa mishono ya pembeni huvutika na haifai kupimwa. Kisha kifue kama utakavyoifua blauzi yenyewe, ukilaze juu ya taulo bila kukinyoosha, na ukiache kikauke kabisa. Katika hewa yetu ya unyevunyevu pamba huweza kuhitaji siku nzima au zaidi, hasa wakati wa mvua za masika. Kikishakauka, weka rula katikati na uhesabu mishono ya sentimita 10, na nusu ya mshono ikionekana uihesabu pia. Ukihesabu 16 na nusu ukajiambia ni 16, kifua cha mishono 160 kitatoka sentimita 97 badala ya 100.

Ukipata mishono mingi kuliko ile ya paterni, chukua sindano nene zaidi. Ukipata michache, chukua nyembamba zaidi. Usijilazimishe kulegeza au kukaza mkono, kwa sababu ukishazama katika kazi mkono hurudi katika mazoea yake. Ikiwa mishono ya upana imekubali lakini safu za urefu zimekataa, shika ile ya upana, kwa kuwa urefu wa blauzi unaweza kuurekebisha kwa kuongeza au kupunguza safu, ilhali upana umefungwa na idadi uliyoanza nayo. Na ikiwa utapata kipimo lakini kitambaa kimelegea hata kinaonyesha mwili, basi uzi huo ni mwembamba mno kwa paterni hiyo, nawe huna budi kuubadilisha au kuchagua paterni nyingine.

Jambo la pili ni uzito. Ulinunua gramu 400 kwa sababu paterni ilitaja gramu 400, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa kuwa kinachofumwa ni urefu wa uzi. Nyuzi za pamba ni nzito kuliko za sufu, na za sufu ni nzito kuliko za akriliki: sentimita moja ya ujazo ya pamba ina uzito wa gramu 1.5 hivi, ya sufu gramu 1.3, na ya akriliki gramu 1.2 hivi. Kwa unene ule ule, basi, bonge la akriliki huwa refu na la pamba huwa fupi. Zidisha mabonge 8 kwa mita 115, upate mita 920. Bonge kama lako la akriliki la gramu 100 kwa kawaida huwa na mita 290 hivi, na kwa hesabu hiyo mabonge 4 yana mita 1,160. Ndiyo maana moja limebaki. Ungenunua pamba kwa uzito ule ule, huenda uzi ungekuishia kabla ya kufika mabegani, na hilo ni baya zaidi.

Unene nao unataka uangalifu. Chama cha wafanyabiashara wa uzi cha Marekani, Craft Yarn Council, kimeupanga uzi katika madaraja ya 0 hadi 7, na daraja huandikwa kwenye lebo ndani ya picha ya bonge. Daraja la 3, kwa mfano, hutarajiwa kutoa mishono 12 hadi 17 ya singo katika inchi 4. Tazama nafasi iliyopo kati ya 12 na 17. Nyuzi mbili za daraja moja zinaweza kuachana kiasi cha kuharibu nguo, kwa hiyo daraja hukusaidia kuchagua dukani tu, na kipande cha majaribio ndicho kinachoamua nyumbani. Kulinganisha mita ni bora zaidi: ikiwa nyuzi zote mbili ni za aina moja ya malighafi, na gramu 100 za huu zina mita karibu sawa na gramu 100 za ule, unene wao hautaachana sana.

Mwisho, nitasema wazi mawazo yangu kuhusu akriliki kwa blauzi ya kuvaliwa Lamu. Hainywi jasho, na wakati wa kaskazi mvaaji ataihisi joto mgongoni. Ningechagua pamba, au pamba iliyochanganywa na akriliki, nikikubali kwamba pamba tupu haina mnyumbuko wa sufu na kwamba nguo nzito ya pamba hurefuka inapovaliwa. Ukiichukua pamba tupu, kibane kipande cha majaribio kwa vibanio kwenye kamba usiku kucha, kisha ukipime urefu tena asubuhi, ili ujue ni safu ngapi za kupunguza. Blauzi uliyokwisha kuifuma, mpe mdogo wako mwenye kifua cha sentimita 85 hivi, au uifumue, kwa kuwa akriliki hufumuka vizuri. Usijaribu kuinyoosha kwa pasi ya moto: akriliki hulainika ikalegea, na hairudi ilivyokuwa.

Swali: Shikamoo, Bi Mwalimu. Mjomba ameniagiza kofia ya kroshia aivae Maulidi. Paterni inataka uzi wa pamba namba 20, na dukani nimepata namba 10 tu. Nadhani namba 10 ni mwembamba zaidi. Je, nitajuaje kuwa kofia itamtosha? (Kijana wa Matondoni, Lamu)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ni kinyume chake. Katika nyuzi za pamba za kroshia namba kubwa ni uzi mwembamba, kwa hiyo namba 10 ni nene kuliko namba 20, na kofia ukiifuma kwa idadi ile ile ya mishono itakuwa kubwa. Hilo lisikuzuie, kwa sababu kofia ya kroshia ni rahisi kuihesabu upya, tofauti na kofia ya kushonwa na kutobolewa vitobo, ambayo kitambaa chake hukatwa kabla ya sindano kuingia.

Mpime mjomba kichwa kwa utepe, juu kidogo ya masikio. Tuseme umepata sentimita 56. Gawanya kwa 3.14, utapata sentimita 17.8, na huo ndio upana wa duara la juu. Fuma duara dogo la singo kama majaribio, ukianza na mishono 6 na kuongeza 6 katika kila mzunguko, lifue, kisha uhesabu. Nitachukua mfano wa mishono 36 katika sentimita 10. Kichwa cha sentimita 56 kitahitaji mishono 201 au 202, lakini ikiwa pambo la ubavuni linajirudia kila baada ya mishono 12, huna budi kuchagua kati ya 192 na 204. Chagua 204, itakayotoa sentimita 56.7, kwa kuwa 192 itatoa sentimita 53 na kumbana mzee. Kwa kuongeza mishono 6 kila mara utafikia 204 katika mzunguko wa 34, kisha uache kuongeza na kuanza kushuka na ubavu.

Lilaze duara mezani kila baada ya mizunguko michache. Likijikunja pembeni kama sahani, safu zako ni ndefu kuliko zinavyohitajika na mishono ya kuongeza haitoshi. Likifanya mawimbi, imezidi. Ukiweza kuchagua, chukua pamba iliyong'arishwa kwa magadi makali (kostiki soda), kazi iliyoanza kwa hataza ya Mwingereza John Mercer mwaka 1850, kwa sababu haisinyai sana inapofuliwa, na kofia hufuliwa mara kwa mara.

Swali: Nimenunua uzi wa kupimiwa kwa kilo, uliotolewa kwenye koni, hauna lebo. Nitaulinganishaje na paterni? (Msomaji wa Malindi)

Jibu: Dada yangu, lebo unaweza kuitengeneza mwenyewe. Pima mita 10 kwa utepe, uzi ukiwa umelala bila kuvutwa, ukate, kisha umwombe sonara akupimie kwa mizani yake, kwa kuwa ya jikoni haioni sehemu za gramu. Zikiwa gramu 3.4, basi gramu 100 zina mita 294 hivi. Ukiwa na mizani ya jikoni tu, pima mita 50 na ufanye hesabu hiyo hiyo.

Malighafi utaijua kwa moto. Shika kipande kifupi kwa koleo juu ya sahani ya bati, mbali na mtandio wako na watoto, ukiguse kwa kiberiti. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Sufu huwaka polepole, hunuka nywele na huzimika. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Uzi uliochanganywa hutoa dalili zaidi ya moja, nao uufue kwa namna inayoifaa ile malighafi iliyo dhaifu zaidi. Na ukiona uzi ni mwembamba, ufume ukiwa nyuzi mbili pamoja, ukikumbuka kwamba mita 600 sasa zimekuwa 300.

Swali: Uzi umeniishia nikiwa kwenye mkono wa mwisho. Bonge jipya ni la rangi ile ile, lakini likiwa juani linaonekana tofauti. (Mama wa Shela)

Jibu: Mama, hizo ni loti mbili za rangi, yaani mafungu mawili yaliyotiwa rangi kwa nyakati tofauti, na namba ya loti huwa kwenye lebo karibu na namba ya rangi. Mwulize kwanza mwenye duka kama amebakiwa na loti ya zamani. Kama hana, fumua mkono huo mpaka karibu na kiwiko, kisha ufume safu mbili za uzi wa zamani na mbili za mpya kwa kupokezana, kwa urefu wa sentimita 10 hivi, ndipo uendelee na mpya peke yake. Mkono ule uliokwisha kuumaliza uufumue hadi mahali hapo hapo, ili mikono yote miwili ibadilike sawa.