Dimu zinazimika, fulu zinawaka: ninunue betri?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Tukuyu, na kila wiki kuna siku narudi kutoka Mbeya usiku. Gari langu ni Corolla ya mwaka 1998. Nikitoka Mwanjelwa taa ziko sawa, lakini nikikaribia Isyonje, palepale kwenye ukungu, dimu (taa za mwanga wa chini) zinazimika zote mbili kwa pamoja. Fulu, zile za mwanga wa juu, zinawaka bila shida. Nikiupiga kidogo mkono wa swichi ya taa kwenye usukani, dimu zinarudi, halafu zinazimika tena. Nimeshabadilisha fyuzi, na globu mara mbili. Sasa hivi nimefunga za wati 100 kwa sababu niliambiwa zinapasua ukungu. Fundi wa hapa anasema tatizo ni betri. Nisaidie kabla mshahara haujaisha.

Jibu: Salama, Mwalimu. Pesa ya betri irudishe mfukoni.

Fulu inawaka, na hapo gari lenyewe limeshakujibu nusu ya swali. Fulu na dimu zinakula umeme uleule: betri ileile, altaneta ileile, rilei ya taa (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo) ileile, na kwenye gari lako hata fyuzi za taa ni zilezile. Betri ingekuwa imechoka, fulu ingefifia nayo. Globu nazo haziungui mbili kwa sekunde moja kisha zikafufuka kwa kupigwa kofi mkono wa swichi. Kinachobaki ni kile ambacho dimu inakitumia peke yake: kituo cha dimu ndani ya swichi ya usukani, na waya unaotoka hapo kwenda kwenye soketi za taa. Wewe mwenyewe umeshapagusa mahali penye ugonjwa, ila hukujua.

Isyonje unaionea bure. Gari halijui limefika Isyonje. Linajua taa zimewaka kama nusu saa. Washa taa gari likiwa limeegeshwa nyumbani, injini inaunguruma, subiri muda huohuo, nadhani zitazimika hapohapo uani.

Ndani ya swichi hiyo kuna vipande vidogo vya shaba vinavyogusana. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile umeme wote wa taa za mbele unapita pale ukielekea ethi, yaani bodi ya gari, upande wa hasi, hakuna kitu cha kuupunguzia mzigo. Miaka ikipita, uso wa shaba unaliwa, unakuwa mweusi wenye vishimo, mguso unakuwa hafifu, na panapokuwa na mguso hafifu panapatikana joto. Joto linalainisha plastiki inayoishika ile shaba, inalegea, taa zinakatika. Zikipoa zinagusana tena. Mwezi uliopita nilifungua moja ya hivyo: plastiki imegeuka rangi ya kahawia upande wa dimu tu, upande wa fulu inang'aa kama mpya, na harufu yake ni ya samaki aliyeungulia kikaangoni. Hata wewe ukinusa karibu na usukani dimu zikikatika, huenda utaipata.

Sasa hizo globu za wati 100. Za kawaida za miguu mitatu ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Hizo zinazoitwa za 100 kwa kawaida dimu yake ni wati 90. Mwalimu, piga hesabu: mbili za 55 kwa volti 12 ni kama ampea 9, mbili za 90 ni ampea 15. Na joto kwenye mguso mbovu linapanda kwa mraba wa mkondo, yaani karibu mara tatu. Umeutibu moto kwa petroli. Zitoe leo, rudisha za 60/55. Kwa ukungu hazikusaidii hata hivyo. Mwanga mwingi unagonga ukungu na kukurudia usoni, na fulu ndiyo mbaya kuliko zote. Kwenye ukungu ni dimu, taratibu.

Kuthibitisha kunahitaji mita ya umeme tu. Subiri dimu zizimike, usiguse swichi. Mita weka kwenye volti, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu uguse kwa nyuma ule mguu wa dimu kwenye soketi ya taa. Swichi ikiwa nzima, utasoma karibu na sifuri, kwa sababu umeme unashuka ethi bila kizuizi. Ukisoma volti 12, njia ya kwenda ethi imekatika. Ukisoma 2 au 3 taa zikiwa zinafifia, hizo ndizo volti zinazopotea kuwa joto. Mafundi wengi wanakosea hapa: wanaona teste (taa ndogo ya kupimia umeme) inawaka kwenye mguu ule, wanasema "umeme upo", wanageukia betri. Zitazame na soketi pia. Mvua ya Tukuyu inaotesha ukijani kwenye shaba, na soketi iliyoungua haisafishwi, inabadilishwa.

Swichi kukwanguliwa kwa msasa itakufikisha wiki chache. Tafuta swichi nyingine, hata iliyotumika, mradi ifunguliwe uione shaba yake kabla hujalipa. Kama usukani una eabegi, mwachie fundi anayeijua, na betri ichomolewe kwanza.

Halafu mwambie afunge rilei moja ya dimu. Koili yake, ile sehemu inayoivuta iunge, ipate chanya kutoka waya wa pamoja wa taa, upande wa pili uende kwenye waya wa dimu unaotoka kwenye swichi. Mguu wenye namba 30 uende bodi, wa 87 uende kwenye miguu ya dimu ya taa zote mbili, baada ya kuitenganisha na waya wa zamani. Hapo swichi inabeba mkondo wa koili tu, chini ya robo ya ampea, na ampea zote 9 zinapita kwenye rilei.

Ukishapima, niandikie namba uliyosoma, lakini iwe ya wakati dimu zimezimika.