Jua Kila Kisima Kinapokea Maji ya Tabaka Gani Kabla ya Kuhesabu Maji ya Bonde

Wiki mbili zilizopita niliandikiwa na kijana aliyekabidhiwa kazi ya kutathmini maji ya ardhini ya bonde kubwa. Baada ya shikamoo aliuliza jambo moja tu: atumie programu gani ya modeli ili ripoti yake ikubaliwe. Swali hilo nililisoma mara kadhaa, kwa kuwa miaka kumi na tisa iliyopita nililiuliza hilo hilo, nikajibiwa, nikaitumia programu niliyoelekezwa, na ripoti yangu ikakataliwa.

Nilikuwa nimepewa orodha ya visima zaidi ya mia nne, iliyokusanywa na watu mbalimbali kwa miongo mitatu, kila kisima kikiwa na kina cha maji kilichopimwa siku fulani. Niliingiza tarakimu zote, nikachora ramani ya mistari ya usawa wa maji, na ramani ikatoka safi kabisa. Katikati ya bonde lilionekana bonyeo kubwa ambalo maji ya pande zote yalikuwa yakielekea, nami nikaandika kurasa nne kueleza ufa wa miamba ambao, kwa maoni yangu, ndio uliokuwa ukiyameza. Mkaguzi, mzee asiyepandisha sauti, aliniuliza mbele ya watu wote: visima hivi vya katikati vimewekewa chujio, yaani sehemu ya bomba yenye matundu ya kupokelea maji, katika tabaka gani? Sikuwa na jibu. Vilikuwa visima virefu, vikipokea maji ya mchanga wa chini uliofunikwa na mfinyanzi mzito, ilhali vya pembeni vilikuwa vifupi na vilipokea maji ya tabaka la juu lililo wazi. Nilikuwa nimeunganisha kwa mstari mmoja maji ya matabaka mawili yasiyokutana, na bonyeo lile halikuwapo popote isipokuwa kwenye ramani yangu.

Kosa hilo liliharibu pia hesabu ya ujazo, na hapa ndipo ninapowaomba vijana wasome polepole. Katika tabaka la mchanga lililo wazi, usawa wa maji ukishuka mita moja katika eneo la kilomita moja ya mraba, na mchanga ukiwa unaachia maji kiasi cha asilimia 20 ya ujazo wake, utakuwa umepata mita za ujazo 200,000. Katika tabaka lililofunikwa, ambamo maji yamebanwa kwa shinikizo na mchanga unabaki umejaa, mita hiyo hiyo moja, kwa kigezo cha 0.0001 (yaani mita za ujazo 0.0001 za maji kwa kila mita ya mraba), inakupa mita za ujazo 100 tu. Anayetumia kigezo kimoja kwa bonde zima, kama nilivyofanya, anaweza kukosea mara 2,000, na hakuna programu itakayomzuia.

Baada ya hapo nilitumia misimu miwili nikizunguka kwenye visima, nikipima urefu wa mdomo wa bomba kutoka ardhini, nikitafuta kumbukumbu za wachimbaji, na kukataa kipimo chochote kilichochukuliwa pampu ikiwa inafanya kazi. Ramani mpya ilikubaliwa bila swali hata moja. Ilipochapishwa, jina lililowekwa mbele lilikuwa la mtu ambaye hakuwahi kushusha kamba ya kupimia katika kisima chochote cha bonde lile. Sijasahau, na sioni sababu ya kujifanya nimesahau.

Mtu asidhani kwamba haya ni ya wanaoanza kazi pekee. Mwezi Septemba 2013 ilitangazwa kwamba chini ya Lotikipi, katika Turkana ya Kenya, kuna mita za ujazo bilioni 200 za maji. Watu waliokuwa wakiteseka kwa ukame walilipokea tangazo hilo kwa matumaini makubwa, kisha visima vya majaribio vikatoa maji yenye chumvi nyingi mno kwa kunywa. Ujazo ulikuwa umetangulia, sampuli zikafuata nyuma. Mimi naamini kwamba tarakimu ya ujazo isiyoandamana na kipimo cha chumvi haipaswi kutoka nje ya chumba cha kazi.

Bonde nalo lina tabia zake zinazodai heshima. Katika Bonde Kuu la Artesia la Australia, lenye eneo la kilomita za mraba takriban milioni 1.7, maji ya chini kabisa ni ya moto, na maji ya moto ni mepesi, hivyo husimama juu zaidi kisimani kuliko maji baridi yenye shinikizo lile lile. Kwa kisima cha mita 1,000 kilichojaa maji ya nyuzi 80 za Selsiasi, tofauti hiyo inazidi mita 20, na asiyeisahihisha atachora mkondo wa maji mahali ambapo haupo. Hata setilaiti za GRACE, zilizopima nguvu ya mvutano ya Dunia kutoka angani tangu 2002 hadi 2017, ambazo data zake vijana wengi huzikimbilia, zilipima badiliko la maji yote kwa pamoja, ya udongoni, ya mito na ya ardhini, katika eneo la mamia ya kilomita. Ni lazima uyatoe ya juu kwanza, na bado hazitakuambia ni tabaka lipi linalopungua.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nendeni kwenye visima. Msikubali safu ya kina cha maji isiyo na safu ya kina cha chujio, wala msione haya kuandika katika ripoti kwamba kisima fulani kimeachwa kwa sababu tabaka lake halijulikani. Kisima kilichoachwa kwa sababu iliyoandikwa kina faida kubwa kuliko visima kumi vilivyobahatishwa.

Kijana yule nilimjibu kwa kumwomba orodha yake kabla ya kuzungumzia programu yoyote. Ameileta jana: visima 312, na vyenye kumbukumbu ya chujio ni 58. Nimemwambia achore kwanza hivyo 58, kila tabaka katika ramani yake, na hivyo vingine avitafutie wachimbaji wake mmoja mmoja.