Meno ya Bandia: Majibu kwa Wasomaji Wanaotaka Kuziba Mapengo

Barua nilizozichagua kwa toleo hili zote zinahusu kung'oka kwa meno na namna ya kuyafidia. Nimezifupisha bila kubadilisha maudhui yake. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu zaidi, kwa kuwa inagusa mambo ambayo wasomaji wengine pia wamekuwa wakiyauliza.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 63. Meno yangu yote ya juu yamekwisha; ya mwisho yaling'olewa wiki 3 zilizopita. Chini nimebakiwa na 6 ya mbele tu, na daktari aliyening'oa alisema hayo hayana tatizo. Kuna fundi hapa mtaani anayesema atanitengenezea meno kwa siku moja, kwa nusu ya bei ya kliniki, na ananishauri ning'oe na hayo 6 ili nivae seti kamili juu na chini. Bado nafundisha watoto masomo ya ziada, na kanisani mimi ni msomaji, kwa hiyo nahitaji kutamka vizuri. Nifanye nini? – Mwalimu mstaafu, Iringa

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Niruhusu nianze na hayo meno 6, kwa sababu jino likishang'olewa halirudishwi. Tafadhali usikubali yang'olewe ili kumrahisishia fundi kazi. Jino lililo imara hulinda mfupa wa taya unaolizunguka, na mzizi wake ukishatoka mfupa huo huanza kusinyaa, tena katika taya la chini husinyaa zaidi kuliko la juu kadiri miaka inavyopita. Seti kamili ya juu hufunika kaakaa lote, ikashikwa na utando mwembamba wa mate uliopo kati yake na ufizi. Seti ya chini haina kaakaa la kuegemea; inakaa juu ya ukingo mwembamba wa ufizi, huku ulimi ukiisukuma kutoka ndani na midomo na mashavu yakiisukuma kutoka nje kila unapotafuna au kuzungumza. Wagonjwa wengi wanaokuja kulalamika kwamba meno ya bandia yanacheza wanalalamikia ya chini. Meno yako 6 ndiyo nguzo ambazo meno ya bandia ya chini yatashikizwa kwa vibanio, na mtu mwenye nguzo hizo ana nafuu kubwa kuliko asiye nazo.

Lipo jambo jingine ambalo huenda fundi huyo hakulifikiria. Ukivaa seti kamili juu, ukabaki na meno ya asili ya mbele peke yake chini, bila magego, utakuwa unatafunia mbele. Nguvu zote zitaelekea sehemu ya mbele ya taya la juu, seti itakuwa inaachia na kushuka nyuma huku ikigandamiza mbele, na baada ya miaka michache mfupa wa mbele utaliwa na ufizi wake utakuwa laini na wa kuchezacheza. Kwa hiyo hitaji lako ni seti kamili ya juu pamoja na meno ya bandia ya pembeni ya chini, ili magego ya pande zote mbili yabebe kazi ya kutafuna. Ukipewa ya juu peke yake, uliza kuhusu ya chini kabla hujalipa.

Kuhusu muda, wiki 3 ni mapema mno kwa seti ya kudumu. Ufizi hufunga vizuri kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 8, lakini mfupa ulio chini yake huendelea kubadilika umbo kwa miezi kadhaa, na mabadiliko makubwa hutokea katika mwaka wa kwanza. Meno yaliyopimwa leo juu ya ufizi uliovimba yatakuwa yanapwaya kabla ya mwaka kwisha. Wapo wanaotengenezewa meno kabla ya kung'olewa na kuyavaa siku hiyohiyo, hasa watu ambao kazi yao haiwaruhusu kuonekana na mapengo, na si kosa kufanya hivyo. Ila ni lazima waelezwe mapema kwamba seti hiyo itahitaji kuongezewa akriliki, yaani plastiki ngumu ya kutengenezea meno ya bandia, upande wa ndani mara ufizi utakapokuwa umesinyaa, au kubadilishwa kabisa, na gharama hiyo ihesabiwe tangu mwanzo.

Seti nzuri haitengenezwi kwa siku moja, nami nitakueleza sababu. Ziara ya kwanza daktari huchukua chapa ya kinywa kwa unga uliokorogwa na maji ambao huganda mdomoni baada ya dakika chache, kisha chapa hiyo humiminiwa plasta na kuwa mfano wa taya lako. Mara nyingi huchukuliwa chapa ya pili iliyo sahihi zaidi, kwa kutumia kibebeo kilichotengenezwa kufuata kinywa chako mwenyewe. Baada ya hapo hupimwa namna mataya yako yanavyokutana na urefu wa uso wako ukifunga mdomo, kwa kutumia kingo za nta. Kipimo hiki kikikosewa, uso huonekana umejikunja au mdomo haufungi, na misuli ya mashavu huuma kutwa nzima. Ziara inayofuata ni ya kujaribu meno yakiwa bado yamepandwa kwenye nta, na hapa ndipo ninapokusihi usiharakishe. Meno yakiwa kwenye nta, jino lolote linaweza kusogezwa. Yakishapikwa kwenye akriliki, nafasi hiyo imekwisha.

Siku hiyo ya kujaribu nenda na mtu anayeujua uso wako vizuri, mkeo au mwanao, na ikiwezekana chukua picha ya zamani unayoonekana ukitabasamu. Kaa wima kwenye kiti, usilale, kisha sema kwa sauti yako ya darasani: «fedha», «vifaa», «thelathini», «dhahabu», «sitini na sita». Sauti za f na v hutokea mdomo wa chini unapogusa ncha za meno ya mbele ya juu, kwa hiyo meno yakiwa marefu au mafupi kupita kiasi zitasikika vibaya. Sauti za th na dh zinahitaji ncha ya ulimi ifike kwenye meno hayohayo, na s ikigeuka mluzi basi nafasi kati ya meno ya mbele na ulimi haijakaa sawa. Ukisikia kasoro, mwambie daktari palepale. Kithembe kidogo kitabaki hata kwa seti iliyotengenezwa vyema, na dawa yake ni kusoma kwa sauti nyumbani kila siku. Kwa msomaji wa kanisani zoezi hilo halitakuwa geni.

Wiki za mwanzo kula vyakula laini: ugali, ndizi za kupikwa, wali, maharage yaliyoiva vizuri, samaki asiye na miiba mingi. Tafuna vipande vidogo kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu ukitafunia upande mmoja upande wa pili huinuka. Muwa na mahindi ya kuchoma viache kwa sasa, na kung'ata kitu kigumu kwa meno ya mbele ya bandia kuache kabisa.

Na huyo fundi, Mwalimu: kazi ya maabara ya meno ni taaluma ya heshima, na hakuna daktari anayeweza kufanya kazi hii bila fundi sanifu stadi. Tofauti ni kwamba fundi sanifu hufanya kazi kwa maelekezo ya daktari aliyechunguza kinywa. Nimeona vinywa vya watu waliomwagiwa akriliki mbichi moja kwa moja juu ya ufizi na kufungiwa waya kwenye meno yao wenyewe, kitu kisichotoka wala kusafishika, na mwaka haujaisha hata yale meno ya asili yaliyofungiwa waya yakawa yanang'oka. Kwa Tanzania Bara, daktari wa meno anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe usajili wake.

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 27, nafanya kazi mapokezi hotelini. Nilivunjika jino moja la mbele kwa ajali ya bodaboda na mzizi wake umeng'olewa. Meno yangu yana rangi ya kahawia tangu utotoni, kama watu wengi wa kwetu. Nimetajiwa meno ya kuvaa na kuvua, daraja na kipandikizi. Nichague lipi? – Dada wa Arusha

JIBU: Marahaba. Pole sana kwa ajali. Kipandikizi ni kijiti cha titani kinachozamishwa kwenye mfupa wa taya, kikaachwa miezi kadhaa kishikane na mfupa, kisha kikafungiwa jino juu yake. Hakigusi meno ya jirani, na kwa msichana wa umri wako mwenye jino moja tu lililokosekana, ndicho ambacho ningekitaka kwako kama mfupa unatosha na fedha ipo, kwa maana ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote. Daraja la kawaida hushikiliwa na meno ya jirani, ambayo hulazimika kuchongwa pande zote ili yavishwe kofia. Ikiwa majirani hao ni wazima, nakushauri ufikirie mara mbili, kwa sababu utakuwa umeharibu meno mawili mazima ili kupata moja.

Jino la kuvaa na kuvua la akriliki ndilo la bei nafuu na linaweza kuwa tayari mapema. Wengi hulivaa kama hatua ya kati huku wakijipanga kwa ajili ya kipandikizi, na huo ni uamuzi wa busara. Angalizo langu ni kwamba lisiwe kipande kidogo kisicho na vibanio. Kipande cha namna hiyo huweza kumezwa usingizini au wakati wa kula, na akriliki ya kawaida haionekani kwenye picha ya eksirei, hivyo kukitafuta huwa kazi ngumu.

Kuhusu rangi, hiyo ya kahawia kwa watu waliokulia maeneo yanayozunguka Mlima Meru na Kilimanjaro mara nyingi husababishwa na madini ya floridi yaliyozidi katika maji ya kunywa wakati meno yanakua ndani ya taya. Jino jeupe kabisa katikati ya meno yako litaonekana kutoka mbali. Omba rangi ichaguliwe mchana, karibu na dirisha, ukiwa umefuta rangi ya mdomo, na umwombe daktari amwelekeze fundi sanifu atie michirizi inayofanana na ya meno yako. Kama una nia ya kuyang'arisha meno mengine, lifanyike hilo kwanza, kwa kuwa rangi ya jino la bandia haibadiliki baadaye.

SWALI: Nimeng'oa magego 3 ya nyuma kwa nyakati tofauti. Natafuna bila shida, lakini naambiwa nikikaa bila kuweka ya bandia nitapata matatizo. Ni lazima? – Baba wa familia, Tabora

JIBU: Si lazima, ndugu yangu. Kinywa kinaweza kufanya kazi kwa ukamilifu bila meno yote 32, na watu wenye meno 20 yanayokutana vizuri kwa kawaida hula bila taabu. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 uliwachunguza watu waliopoteza magego, ukaonyesha kuwa wengi wao walitafuna vya kutosha ilimradi meno ya mbele yapo yote na yamebaki baadhi ya magego yanayokutana kila upande. Daktari akague mambo mawili: kama jino lililokuwa likikutana na pengo limeanza kushuka au kupanda, na kama la jirani linalalia pengo. Yakiwa yametulia, fedha hiyo itakufaa zaidi ukisafisha na kuziba meno uliyonayo.

SWALI: Mama yangu ana miaka 71 na kisukari. Amevaa meno ya juu zaidi ya miaka 10, halali bila nayo. Kaakaa lake limekuwa jekundu, na yalipopasuka mwezi uliopita kaka yangu aliyagundisha kwa gundi ya dukani. Sasa yanamchoma ubavuni mwa taya. – Binti, Mombasa

JIBU: Dada yangu, mwambie mama ayavue leo hii, na daktari atakapomruhusu kuvaa tena meno ya bandia, awe anayavua kila usiku. Wekundu unaofuata umbo la meno ya bandia mara nyingi ni ukungu unaostawi chini ya akriliki isiyopumzishwa, na kisukari kisichodhibitiwa huuzidisha. Atahitaji dawa ya ukungu kutoka kwa daktari, lakini dawa peke yake haitoshi endapo meno yenyewe hayasafishwi. Yasuguliwe kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, nje na ndani, juu ya beseni lenye maji ili yakiteleza yasivunjike. Dawa ya meno yenye chembe hukwaruza akriliki na ukungu ukapata mahali pa kujificha. Yakae usiku ndani ya maji safi ya baridi, si ya moto, kwa kuwa maji ya moto huyapinda. Mpimishe na sukari pia.

Gundi ya dukani hubadilisha namna vipande vinavyokutana, hata kwa unene wa unywele, na hapo ndipo panapomchoma. Siku nyingine yakipasuka, kusanyeni vipande vyote mvipeleke kliniki bila gundi. Kwa hali ya sasa, seti iliyovaliwa miaka 10 juu ya taya lililokwisha kusinyaa ni bora itengenezwe upya baada ya ufizi kupona.

Mama asiyavae tena mpaka daktari ayaone, na mkague kidonda hicho cha ubavuni kwa mwanga wa kutosha. Kidonda cha meno ya bandia huanza kupona ndani ya siku chache yakivuliwa. Kikidumu zaidi ya wiki 2, hata kama hakiumi, mpelekeni hospitali yenye daktari wa upasuaji wa kinywa kichunguzwe kwa kipimo cha nyama, yaani kukatwa kipande kidogo cha kidonda na kupimwa maabara, kwa sababu saratani ya kinywa nayo huanza kwa kidonda kisichopona.